Spike Lee na hela za zawadi: jinsi Malcolm X ilivyobaki na saa zake tatu

Hiki kisa ni cha miezi michache tu, mwanzoni mwa 1992 mpaka Mei ya mwaka huohuo, ila ukikielewa vizuri unaielewa kazi nzima ya dairekta Spike Lee kuliko ukikaririshwa orodha ya filamu zake zote. Filamu ya Malcolm X, kuhusu yule mpigania haki za Wamarekani weusi aliyeuawa 1965, imeshapigwa. Denzel Washington kashamaliza sehemu yake, mikanda iko chumba cha uhariri New York, watu wako mezani wanakata picha na kuunganisha. Halafu hela inakatika. Wahariri wanaletewa barua kwamba kazi basi, na barua hazijatoka kwa Spike wala kwa studio ya Warner Bros, zimetoka kwa kampuni ya dhamana inaitwa The Completion Bond Company ambayo mtazamaji wa kawaida hajawahi hata kuisikia.

Sasa jiweke pale. Una filamu unayoiona lazima ivuke saa tatu, studio inaitaka ya saa mbili na kidogo, hela uliyopewa imeisha, yako mwenyewe umeshaitia humohumo, na timu yako imeambiwa irudi nyumbani. Unafanyaje?

Wengi wanaosimulia hiki kisa wanakimbilia kwenye majina makubwa, Oprah, Michael Jordan, Prince, inakuwa stori tamu ya mastaa kusaidiana. Mi naona utamu hauko kwenye majina, uko kwenye aina ya hela aliyoomba. Lakini tutafika huko, kwanza turudi nyuma kidogo mana bila hapo huwezi kuona kwa nini jamaa hakukubali tu kukata filamu yake yaishe.

Spike alizaliwa Atlanta 1957, akakulia Brooklyn, baba mpiga besi wa jazi, mama mwalimu. Akasoma Morehouse kisha shule ya filamu ya New York University, na filamu yake ya kumalizia shule, ya 1983, ikapata tuzo ya wanafunzi ya Academy. Unaweza kudhani baada ya hapo milango ikafunguka, haikufunguka. Filamu yake ya kwanza ya kuingia sinema, She's Gotta Have It ya 1986, aliipiga kwa siku 12 kwa bajeti ya kama dola 175,000, na hizo zenyewe zilipatikana kwa kuungaunga: bibi yake aliyekuwa amemsomesha alichangia, marafiki wakaombwa watume chochote walichonacho, na pale seti walikuwa wanatunza chupa na makopo ya soda ili wakayarudishe wapate zile senti za amana. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 7 Marekani peke yake. Kwa hiyo huyu ni mtu ambaye ameingia kwenye hii kazi kwa kuomba, anajua kupiga simu na kusema naomba hela bila kuona haya. Hilo likae kichwani.

Humo ndani alijiandikia na sehemu ya kuigiza, kijana wa miwani mikubwa anaitwa Mars Blackmon, na kampuni ya Nike wakampenda huyo Mars kiasi cha kumweka kwenye matangazo ya viatu pamoja na Michael Jordan. Nalo likae kichwani.

Halafu 1989 ikaja Do the Right Thing, ikamletea uteuzi wa Oscar wa uandishi wa skripti, na kufika 1991 Spike alikuwa dairekta mweusi anayejulikana kuliko wote Marekani. Hapo ndo habari ya Malcolm inaingia.

Produsa Marvin Worth alikuwa na haki za kile kitabu cha maisha ya Malcolm tangu 1967, miaka miwili tu baada ya Malcolm kuuawa kwenye ukumbi wa Audubon Ballroom, New York. James Baldwin mwenyewe aliwahi kuandika skripti yake, baadaye akiwa na Arnold Perl, na mradi ukakaa miaka na miaka unapita mikononi mwa waandishi na madairekta bila kupigwa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ukawa mkononi mwa Norman Jewison, dairekta mzungu kutoka Canada, mtu mwenye heshima zake, na Denzel alikuwa ameshapangwa kuwa Malcolm. Spike akatoka hadharani akasema hii filamu lazima iongozwe na mtu mweusi. Akasema kwa sauti, magazetini, bila kupindisha. Jewison akajitoa, mradi ukawa wake.

Na mi nadhani kesi nzima ilishaamuliwa hapo, kabla kamera haijawashwa. Ukishasema mbele ya nchi nzima kwamba mwenzako hafai kuibeba hii hadithi na wewe ndo unafaa, umejifunga. Huwezi tena miezi 18 baadaye kusema studio ilinibana nikakata saa nzima. Na siyo wazungu tu waliokuwa wanamtazama, mshairi Amiri Baraka na wenzake walifanya maandamano Harlem kumpinga yeye, wakihofia atamharibu Malcolm, atamfanya wa tabaka la kati, atakaa sana kwenye ujana wa uhuni na suti za rangi. Yani jamaa alikuwa na studio mbele na jamii yake nyuma, na pande zote zinasubiri ateleze.

Haya, hela. Spike alisema toka mwanzo inahitajika zaidi ya dola milioni 30. Warner wakaweka kama milioni 20, haki za kuionyesha nje ya Marekani zikauzwa kwa kampuni ya Largo kwa kama milioni 8, jumla ni 28 hivi. Spike alijua hazitoshi na alisaini. Akatia na yake, inasemekana kama milioni 2 kati ya 3 aliyolipwa. Watu wanapenda kulipita hili haraka ila mi nalisimamia: aliingia kwenye kazi akijua bajeti ni pungufu, akitegemea kwamba picha zikishapigwa hakuna atakayekubali ziozee kabatini. Madairekta wengi wanafanya hivyo, ni kamari, na wengi inawatokea puani.

Sasa ile kampuni ya dhamana. Inafanya kazi hivi: mwenye hela ya filamu anaogopa kwamba dairekta atatumia zote kisha amwache na filamu nusu. Kwa hiyo anatafutwa mtu wa tatu, analipwa ada, na yeye anaahidi kwamba filamu itamalizika na kukabidhiwa, ikizidi bajeti ni yeye anaziba pengo. Ni kama unajenga nyumba halafu kuna mtu kamdhamini fundi, fundi akikwama kwenye linta mdhamini ndo anamalizia. Ila kwa sababu hasara ni yake, mkataba unampa haki nzito sana: akiona mambo yanaharibika anaweza kuingia, kushika daftari la matumizi, kusimamisha malipo, hata kumweka dairekta pembeni. Ukisoma hivyo utaona wale jamaa hawakuwa wakorofi tu waliotoka porini. Walikuwa wanafanya kazi waliyolipwa kuifanya. Ishu ni kwamba kazi yao haina sehemu ya kupima kama hii filamu ni ya maana kwa nani, wao wanaona namba, na namba ilikuwa imezidi kwa kama milioni 5.

Na ilizidi wapi? Safari kwanza. Spike amesimulia mara nyingi kwamba studio iliona ile hija ya Malcolm, mchanga, jangwa, umati, ingeweza kupigwa ufukweni New Jersey, na tena Januari, baridi kali. Akakataa. Denzel na timu wakaenda Misri, na Makka kwenyewe, kwa sababu asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia, ikaundwa timu ya pili ya Waislamu watupu ikaenda na kamera. Ndo ikawa filamu ya kwanza ya Marekani ya kuigiza kuruhusiwa kupiga picha ndani ya Makka. Ukiangalia zile dakika unaona kabisa tofauti, filamu nzima mpaka hapo ilikuwa na rangi za mjini, taa za dansi, kuta za jela, ghafla kinakuja kile cheupe cha ihramu na watu wa kila rangi wanazunguka Kaaba na sauti ya Malcolm inasoma barua kwamba amekula sahani moja na watu ambao Marekani wangeitwa wazungu. Ufukwe wa New Jersey ungeliua hilo.

Halafu Soweto. Mwisho wa filamu tuko darasani, watoto wanasimama mmojammoja wanasema mimi ni Malcolm X, wa Marekani kisha wa Afrika Kusini, na mbele ya darasa kasimama Nelson Mandela, ana miaka miwili tu tangu atoke jela. Mandela anasoma maneno ya Malcolm kuhusu haki ya kuheshimiwa kama binadamu, lakini yale maneno manne maarufu ya mwisho, ya kwa njia yoyote ile itakayolazimu, alikataa kuyatamka, mana alikuwa katikati ya mazungumzo na serikali ya makaburu na alijua yatageuzwa silaha dhidi yake. Spike hakumlazimisha. Akakata picha akamleta Malcolm mwenyewe, ile filamu ya zamani nyeusi na nyeupe, ayaseme kwa mdomo wake. Ni suluhisho la mezani, la mhariri, na kwangu mimi ndo sekunde kali kuliko zote za filamu, Mandela anaanza sentensi na marehemu anaimalizia.

(Sisi wa huku tunabaki na donge kidogo, mana Malcolm alikuja mpaka Dar na Nairobi Oktoba 1964, akaonana na Nyerere, akakaa na Abdulrahman Babu, na Desemba ileile Babu akasimama kwenye jukwaa la Audubon kuhutubia Harlem, ukumbi uleule ambao Malcolm aliuawa Februari iliyofuata. Filamu haina hayo. Ila ukishajua vita ya kupata tu ile safari ya Misri unaelewa kwa nini.)

Turudi chumba cha uhariri. Mwishoni mwa Aprili 1992 Los Angeles inawaka moto, mahakama imewaachia polisi waliompiga Rodney King, dereva mweusi, na Spike yuko na filamu ambayo inaanza na bendera ya Marekani inaungua pamoja na ile video ya King akipigwa. Studio wana wasiwasi na urefu. Spike anawajibu kwa hoja rahisi: mwezi Desemba mmetoa filamu ya Oliver Stone kuhusu mauaji ya Kennedy, ina saa tatu na zaidi, studio ni yenu hiyohiyo, mbona kwake saa tatu zilikuwa sawa? Hoja nzuri kabisa, na ni ya kweli. Ila hoja hailipi mishahara ya wahariri. Warner na kampuni ya dhamana wanavutana nani azibe pengo, na wakati wanavutana barua za kuachishwa kazi zinatoka.

Njia za kawaida zilikuwa tatu. Akate filamu mpaka urefu wanaoutaka, waachie hela. Atafute mkopo au mwekezaji mpya, ambaye naye atataka asilimia na kiti mezani. Au agome, aende magazetini, filamu ikae kabatini hadi mtu achoke. Ya kwanza hawezi kwa sababu tulizoziona. Ya tatu angeshinda hoja akapoteza filamu. Ya pili ndo wengi tungeichukua, na hapo ndo Spike alipotofautiana na wengi wetu.

Alichukua simu akawapigia watu weusi wenye hela akawaambia waziwazi: huu si mkopo, si uwekezaji, hutapata asilimia, hutarudishiwa, ni zawadi ili filamu iishe inavyotakiwa kuisha. Akampigia Bill Cosby. Akampigia Oprah Winfrey. Janet Jackson, Tracy Chapman, Prince, na Peggy Cooper Cafritz, mwanamama wa Washington aliyejulikana kwa kusaidia sanaa. Akampigia Magic Johnson, nyota wa mpira wa kikapu kama Jordan. Na Michael Jordan akamwacha wa mwisho, makusudi, mana anamjua toka enzi za matangazo ya viatu, anajua jinsi asivyopenda kushindwa kwenye chochote, akamdokezea kiasi alichotoa Magic. Spike amelisimulia hili mwenyewe miaka yote, na matokeo unaweza kuyakisia, Jordan hakukubali kuwa chini ya Magic.

Tarehe 19 Mei 1992, siku ya kuzaliwa Malcolm, Spike akaitisha waandishi wa habari Schomburg Center pale Harlem, kituo cha kumbukumbu za historia ya watu weusi, akatangaza majina na kilichotokea. Chagua tarehe, chagua mtaa, chagua jengo, kila kitu kilikuwa ni ujumbe kwa watu wa Warner. Na haikuchukua muda studio ikarudi kutoa hela.

Kwa nini ilifanya kazi? Kwa mtazamo wangu kuna mambo mawili yanachanganywa sana. Hela ya zawadi ilifanya kazi ya kwanza, kulipa watu wakae mezani waendelee kukata. Angechukua mkopo, mkopeshaji angesimama kwenye foleni pamoja na Warner, Largo na kampuni ya dhamana, na kila aliye kwenye foleni ana haki ya kuuliza filamu ina dakika ngapi, kwa sababu filamu ndefu inaonyeshwa mara chache kwa siku, na mara chache ni tiketi chache. Oprah hakuwa kwenye foleni. Jordan hakuwa kwenye foleni. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuulizia. Kwa hiyo zile zilikuwa dola pekee kwenye mradi mzima ambazo hazikuwa na sauti kwenye chumba cha uhariri.

Kazi ya pili ilikuwa ni aibu. Mpaka siku ile studio ilikuwa na mgogoro wa kibajeti na dairekta msumbufu, baada ya siku ile ikawa ni studio kubwa iliyoacha filamu ya Malcolm X ikamaliziwa kwa michango ya wanamichezo na waimbaji, wiki tatu baada ya Los Angeles kuungua. Hakuna idara ya habari inayotaka kulijibu hilo. Ila aibu bila hela isingetosha, wangesubiri tu achoke, na hela bila kutangaza isingetosha pia, ingeisha.

Filamu ikatoka 18 Novemba 1992, dakika 202. Hapa nataka tuwe wakweli kwa sababu mashabiki huwa tunaruka. Ilikusanya kama dola milioni 48 Marekani. Filamu iliyogharimu zaidi ya milioni 30, na majumba ya sinema yanachukua sehemu kubwa ya tiketi, hiyo si faida ya kumfanya bosi wa studio atabasamu. Wale waliosema urefu utapunguza mapato hawakuwa wajinga. Denzel akateuliwa Oscar akashindwa na Al Pacino, Ruth E. Carter akateuliwa kwa mavazi, Spike mwenyewe hakuteuliwa popote, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mwaka 2010 ikaingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya filamu Marekani. Kwa hiyo ukipima kwa hesabu za 1992 kampuni ya dhamana ilikuwa na hoja, ukipima kwa kitu chenyewe kilichobaki, Spike ndo alikuwa sahihi, na mi napima kwa kitu kilichobaki.

Kinachonisumbua zaidi kwenye hiki kisa ni kwamba hakijirudii. Madairekta chipukizi wanakichukua kama mbinu, tafuta matajiri wakupe hela bila masharti. Angalia alichokuwa nacho Spike kabla ya simu ya kwanza: filamu imeshapigwa yote, msambazaji yupo, Denzel yupo, na pengo lilikuwa linajulikana. Aliyekuwa anatoa zawadi alijua anamalizia kitu, hakuwa anaanzisha ndoto. Spike huyohuyo, na heshima zote hizo, miaka ya 90 alitaka kutengeneza filamu ya Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza mweusi kwenye ligi kuu ya besiboli ya zama zile, skripti akaandika, Denzel alimtaka humo. Hela haikupatikana na simu hazikusaidia. Mwaka 2013 akarudi kuomba, safari hii kwa umma kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela, akapata kama milioni 1.4 kwa filamu ndogo, na wapo waliomsema kwamba mtu maarufu hana sababu ya kuchangisha. Hawakukumbuka zile chupa za soda za 1985.

Oscar ya mashindano, yani siyo ile ya heshima, aliipata Februari 2019, ya skripti ya BlacKkKlansman, akiandika na wenzake watatu, filamu ya bajeti ya kama milioni 15 tu, nusu ya ile ya Malcolm kwa hela za miaka 27 nyuma. Na ile skripti ya Jackie Robinson, Machi 2020 watu wakiwa wamefungiwa majumbani, aliitoa mtandaoni yeyote aisome bure.